Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyenunua Datsun ya Safari

Mpwa wangu,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Picha ya kasha nimeiona pia: modeli ya plastiki ya kuunganisha, Datsun 240Z ya mashindano ya magari ya Safari, kipimo cha 1/24, nailoni bado haijachanwa. Umeniuliza jambo moja tu, ununue rangi nyekundu ipi, na ukaongeza kwamba unataka gari liwe limekwisha kufikia Jumapili. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu kila anayeanza huuliza hivyohivyo, na rangi nyekundu ni swali la katikati ya kazi. Jumapili uifute kabisa. Tenga wiki tano au sita.

Gari lenyewe unalifahamu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa gari la aina hiyohiyo. Gari halisi lina urefu wa mita 4 na kitu. Gawanya kwa 24, unapata kama sentimita 17, na ndiyo bodi iliyomo kwenye kasha lako. Hiyo 24 utembee nayo kichwani muda wote wa kazi. Chochote utakachoweka juu ya bodi hiyo, jicho la mtazamaji litakizidisha kwa 24 bila mwenyewe kujua. Tone la gundi lenye upana wa milimita moja kwenye ukingo wa kioo ni donge la sentimita mbili na nusu kwenye gari la kweli. Hakuna fundi angelitoa gereji gari la namna hiyo.

Anza na sabuni. Vipande hutoka kiwandani na mafuta kidogo ya kalibu, na rangi haishiki juu ya mafuta. Loweka fremu zote, zile zilizoshika vipande, kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini wa zamani, suuza, ziache zikauke zenyewe. Taulo usilitumie, nyuzi zake utazikuta ndani ya rangi.

Vipande usivivunje kwa mkono. Kata mara mbili kwa plaizi ndogo yenye upande bapa: mara ya kwanza ukiacha kisiki cha milimita 2, mara ya pili karibu zaidi, kisha malizia kwa kisu na msasa namba 600. Ukikata mara moja ukiwa umebana kabisa, plastiki huvutwa na kuacha doa jeupe au kishimo, na kishimo kinataka puti ya kukijaza.

Sasa chukua bodi, iweke chini ya taa ya mezani, uigeuzegeuze taratibu. Utaona mstari mwembamba kama unywele ukipita juu ya madigadi na kando ya paa. Hapo ndipo pande za kalibu zilipokutana. Ukwaruze kwa mgongo wa kisu, halafu msasa wa maji namba 600, halafu 1000. Watu wengi huupuuza mstari huo kwa kuwa kwenye plastiki tupu hauonekani vizuri. Subiri rangi ya kung'aa ikae juu yake, utauona ukiwa mlangoni. Ukishamaliza, pitisha ncha ya mgongo wa kisu kwenye mistari ya milango na boneti, mara tatu au nne bila kukandamiza. Unaichimba kidogo kwa sababu praima (rangi ya msingi), rangi yenyewe na klia (tabaka ya juu isiyo na rangi) zote zitaingia humo, na mlango usiokuwa na mstari huonekana umechorwa tu.

Kabla ya tone lolote la rangi, pachika gari zima kwa tepu: chasi, bodi, bampa, vioo, magurudumu. Kama bampa haikai sawa, ipunguze leo. Kulazimisha bampa juu ya rangi iliyokwisha kung'arishwa ndiko kunakochana kazi ya mwezi mzima.

Haya, rangi. Kuna familia tatu, na ukizichanganya bila kujua zitagombana. Laka hukauka haraka kwa thina yake, yaani kile kimiminika cha kuizimulia, kuruka hewani, na huwa ngumu. Rangi ya mafuta hukauka polepole, siku kadhaa. Rangi ya maji ni mpole, haina harufu kali, lakini haing'arishiki kirahisi. Unaweza kuweka rangi ya mafuta juu ya laka iliyokauka. Usiweke laka juu ya rangi ya mafuta: thina ya laka huiamsha rangi ya chini, na bodi inakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Rangi za duka la magari zinafaa na zinapatikana kila mji, ila thina yake ni kali na huyeyusha plastiki ikikaa mbichi juu yake. Ijaribu kwanza kwenye kijiko cheupe cha plastiki, kile cha kutupa. Kijiko kikipata mikunjo, na bodi itapata.

Pulizia praima ya kijivu kwanza. Kazi yake kubwa ni kukuonyesha mikwaruzo uliyoiacha. Isugue kwa namba 1000, rekebisha, rudia. Bodi ikiwa laini kabisa, weka praima nyeupe au ya pinki juu yake, kwa sababu nyekundu ni rangi inayopitisha mwanga. Juu ya kijivu inakuwa kama damu iliyokauka, na utaongeza tabaka juu ya tabaka kuitafuta ile nyekundu ya kwenye kasha mpaka mistari ya milango ifukiwe. Juu ya nyeupe, tabaka tatu nyembamba zinatosha. Swali lako la nyekundu ipi jibu lake ni hilo: nyekundu yoyote ya kawaida isiyo na chembe za metali, iliyolala juu ya nyeupe.

Kopo la kupulizia liweke dakika tano kwenye maji ya uvuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia. Kamwe usilipeleke jikoni kwenye moto, litapasuka. Tikisa dakika mbili. Simama sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye bodi, pita kwa mwendo mmoja, achia ukiwa umeshaivuka. Tabaka mbili za kwanza ziwe kama umande tu, zikipishana dakika 10, hata kama praima bado inaonekana. Ya tatu iwe na majimaji kidogo, hadi uone taa ikijiakisi humo. Simama hapo. Ukitumia brashi ya hewa, ile ya kupulizia rangi kwa pampu badala ya kopo, tundu la milimita 0.3 na mgandamizo wa psi 15 hadi 20 unatosha, rangi ikiwa nyepesi kama maziwa ya maji.

Wewe uko Tanga, kwa hiyo sehemu hii isome mara mbili. Thina inaporuka huipoza rangi, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Unyevu ule hujikusanya juu ya rangi iliyopoa, na bodi inapata ukungu mweupe kama kioo kilichopumuliwa. Usipulizie mvua inaponyesha wala alfajiri. Saa nane au saa tisa mchana, siku ya jua, hewa huwa kavu kuliko saa nyingine. Kama ukungu umeshatokea, usiguse. Ngoja siku nzuri, pitisha tabaka nyembamba ya thina yenye kichelewesho cha kukauka, na mara nyingi utatoweka.

Uso ukitoka na vinundu kama ganda la chungwa, rangi ilikuwa nzito au ulisimama mbali, ikakauka kabla ya kutandaa. Ikichuruzika, ulisimama karibu au ulisita. Iache ikauke kabisa, siku kadhaa, ndipo usugue mchirizi kwa msasa. Anayeufuta kwa kidole ungali mbichi anapoteza upande mzima wa gari.

Na mpwa wangu, barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Tafuta ile yenye vichujio vya mkaa, fanyia kazi kibarazani, wadogo zako wasiwe karibu. Klia ya magari yenye kigumishi cha kuchanganya ina kemikali inayodhuru mapafu kabisa. Kwa gari la sentimita 17 huihitaji.

Boneti nyeusi ifuate nyekundu ikiwa imekauka siku tatu. Ziba kwa tepu ya karatasi, bana ukingo kwa kijiti cha meno, pulizia nyekundu kidogo sana ukingoni ili yenyewe izibe upenyo, ndipo nyeusi. Toa tepu mapema, ukiikunja nyuma juu yake yenyewe. Nyeusi hiyo isiwe ya kung'aa. Boneti za magari ya mashindano zilipakwa hivyo ili jua lisimpige dereva machoni. Wala isiwe nyeusi tupu: changanya na kijivu kidogo, maana kitu kidogo chenye weusi kamili huonekana kama tundu.

Stika za maji zinataka uso laini. Kata moja moja, chovya sekunde 15, iweke pembeni mpaka iteleze yenyewe, kisha ipeleke mahali pake juu ya tone la maji na ukamue kwa pamba ya masikio kuanzia katikati. Dawa ya kulainisha stika huifanya ikunjamane dakika chache. Usishtuke, wala usiiguse, itajinyoosha. Baada ya siku nzima, klia: tabaka mbili za umande kwanza, kwa sababu klia nyingi kwa mkupuo mmoja huyeyusha stika. Ngoja wiki nzima. Kisha msasa wa maji namba 2000, 3000, na dawa ya kung'arishia kwa kitambaa cha fulana kuukuu ya pamba. Kingo za milango na madigadi zizibe kwa tepu kabla ya kusugua, maana hapo rangi ni nyembamba na nyeupe ya chini hutokeza kwa mizunguko michache tu.

Ndani ya gari sina mengi. Vioo vikishakaa, kinachoonekana ni usukani, viti na mikanda, basi tumia muda wako hapo. Mikanda ya tepu iliyopakwa rangi, yenye upana wa milimita 2, inatosha. Vioo usivigandishe kwa supa glu: mvuke wake huacha ukungu ambao haufutiki vizuri. Tumia gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani. Matairi yasugue kwa msasa 400 pale yanapogusa ardhi, ule mng'ao wa kiwandani uondoke.

Siku ukija kujenga Toyota Celica ya Safari ya miaka ya 1990, yenye vyuma vya kujikinga mbele, utahitaji waya. Waya wa umeme wa nyumba, ule wa milimita mraba 2.5, ukiuvua ganda una unene wa karibu milimita 1.8. Zidisha kwa 24: bomba la milimita 43, unene unaofaa kabisa kwa chuma cha namna hiyo. Mkono uliokunja magari ya waya utotoni tayari unaijua kazi hii.

Sasa vumbi, ambalo naliona likiharibu modeli nyingi nzuri. Usichote udongo uani. Punje ya nusu milimita kwenye modeli ni kokoto ya milimita 12, na gari litaonekana limebingirika kwenye changarawe. Saga chaki au pasteli kavu hadi iwe laini kama poda ya mtoto: kahawia, nyekundu ya matofali, kijivu kidogo. Amua kwanza gari liko wapi. Safari hizo zilikimbiwa wakati wa Pasaka, katikati ya masika, kwa hiyo gari moja lingeweza kupita vumbi jekundu asubuhi na tope jeusi la mfinyanzi jioni. Likiwa mstari wa kuanzia, ni safi, na hilo ni chaguo halali.

Ukitaka lichafuke, fuata njia ya upepo. Gari linapokimbia huvuta vumbi nyuma yake, kwa hiyo mlango wa nyuma na kioo cha nyuma ndivyo vichafu kuliko paa. Tope hurushwa na magurudumu: zito ndani na nyuma ya kila gurudumu, likipungua kuelekea katikati ya mlango, kwa mistari iliyolala kufuata mwendo. Pulizia klia isiyong'aa, nyembamba, sehemu hizo tu, maana poda haikai juu ya mng'ao, kisha ipake kwa brashi laini. Kwenye kioo cha mbele, kata tepu kwa umbo la njia ya wipa, ibandike, weka vumbi, ibandue. Nusu duara mbili safi zikibaki pale, gari lina dereva.

Ukifika kwenye praima ya kijivu, nitumie picha ya paa chini ya taa, ikipigwa kwa ubavu, kabla hujafungua kopo jekundu.

Mjomba wako