Namba ya mwananchi isiharibikie njiani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wakazi wa Dar es Salaam hukutana nalo dirishani bila kujua lilikoanzia, yaani namna taasisi zetu zinavyohamisha kumbukumbu za wateja kutoka kanzidata ya zamani kwenda mpya.

Hiyo ndiyo kazi yangu kwa miaka mingi. Kumbukumbu huchotwa upande mmoja, hugeuzwa umbo, kisha hupakiwa upande wa pili kwa programu za kuunganisha mifumo kama Informatica, Talend au Pentaho. Ni programu nzuri, nami nazitetea popote. Lakini zikimaliza huandika kwamba kazi imefanikiwa, na wakubwa hulipokea neno hilo kama cheti cha ukaguzi, ilhali maana yake ni kwamba mistari ya kumbukumbu imefika bila kukataliwa.

Katika taasisi moja hapa jijini tulihamisha kumbukumbu usiku wa Jumamosi. Idadi ya mistari ililingana, jumla ya fedha ililingana hadi senti, mfumo wa zamani ukazimwa. Jumatatu asubuhi mama mmoja alisimama dirishani ameshika kitambulisho chake cha Taifa, na karani akamwambia, "Mama, namba yako mfumo hauisomi." Namba hiyo, inayotolewa na NIDA, yaani Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, ina tarakimu 20. Kwenye jedwali la zamani ilitunzwa kama maandishi, lakini mwenzetu aliyepanga uhamishaji, alipoona ni tarakimu tupu, aliiweka kwenye safu ya namba zenye nukta inayoelea, ambazo hutunza kwa uhakika tarakimu 15 tu, na zinazobaki hukadiriwa. Hata namba kamili ya kawaida ya biti 64 isingeibeba, kwa kuwa kikomo chake kina tarakimu 19. Tarakimu 8 za mwanzo, ambazo ni tarehe ya kuzaliwa, zilibaki salama, na kila aliyetupia jicho aliona mambo ni shwari, kumbe mkia wa namba ulikwisha kuharibika. Mama yule alirudi mara tatu kabla hatujaichota upya namba yake kutoka kwenye nakala ya akiba.

Makosa ya aina hii hayaishii hapo. Namba ya simu ikigeuzwa kuwa hesabu hupoteza sifuri yake ya mwanzo. Kati ya programu za kanzidata, Oracle huchukulia maandishi matupu kuwa sawa na thamani isiyokuwepo, ilhali PostgreSQL huvitofautisha viwili hivyo, kwa hiyo kumbukumbu zikitoka PostgreSQL kwenda Oracle, mtu asiye na jina la kati na mtu ambaye jina lake la kati halikuandikwa huweza kufika upande wa pili wakiwa hawatofautishiki tena.

Najua utetezi wa wenzangu: usiku ni mfupi. Lakini mara nyingi usiku huliwa na upakiaji wa mstari mmoja mmoja, kila mmoja ukithibitishwa peke yake, huku faharasa zote, yaani orodha zinazoharakisha utafutaji, zikisasishwa papo hapo. Mistari ikipakiwa kwa mafungu ya maelfu, na faharasa zikaondolewa kwanza kisha zikajengwa upya mwishoni, saa nyingi huokolewa, na saa hizo ndizo za kulinganisha yaliyomo, safu kwa safu, pande zote mbili.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu ziwe sahihi. Kwa msingi huo naziomba taasisi zisizime mfumo wa zamani hadi matokeo ya ulinganisho huo yatiwe saini na ofisa anayezitumia kumbukumbu hizo kila siku, awe mhasibu au msajili, wala si sisi mafundi tuliozihamisha, na hata baada ya hapo kanzidata ya zamani ibaki ikisomeka kwa miezi kadhaa, ili anayekuja na kitambulisho mkononi atafutiwe huko siku hiyohiyo.

Mtaalamu wa kanzidata,
Kinondoni, Dar es Salaam