Barua ya Wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania: Daftari la Kikundi Nalo Lihesabiwe

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Mbozi, ambako wengi wetu ni wakulima wadogo wa kahawa na mahindi.

Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionesha kuwa asilimia 76 ya watu wazima nchini wanatumia huduma rasmi za fedha, ingawa wanaotumia benki hawafiki hata robo. Sikatai kwamba huduma za fedha kwa simu zimetusogeza mbele, ila fedha zake huku kwetu hupita tu: mkulima akilipwa asubuhi, mchana yuko kwa wakala anazitoa zote na kukatwa makato, kwa kuwa vibarua na muuza mbolea wanataka taslimu.

Kinachotukwamisha ni mkopo. Msimu uliopita mwenzetu alipeleka benki hati ya kimila ya shamba lake, iliyotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, akaambiwa haitoshi kuwa dhamana. Akatoa daftari la kikundi linaloonesha miaka sita ya marejesho yasiyochelewa hata wiki moja. Afisa akalitazama kwa adabu, akamrudishia. Siku chache baadaye alikopa kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wenye riba kubwa, na mahindi yake yakauzwa yakiwa bado shambani.

Tunaishukuru ofisi yako kwa kuzifungia programu 69 za mikopo kwa simu mwezi Novemba 2024. Hata hivyo, anayekwenda kwa kausha damu hakosi hesabu (mara nyingi riba anaijua kwa kichwa). Amekosa pengine pa kukopa.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi kama chetu katika daraja la nne, nasi tumesajiliwa. Tunaomba uweke utaratibu wa kuingiza kumbukumbu za marejesho yetu katika kanzidata ya taarifa za mikopo ambayo benki huisoma kabla ya kukopesha, na uzitake benki zieleze kwa maandishi sababu ya kuikataa hati ya kimila.

Daftari letu liko tayari kukaguliwa. Tunakutana kila Jumatano, saa kumi jioni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mweka Hazina wa Kikundi, Mbozi