Mlima wako umegeuka, shosti

Shosti wangu,

Mambo? Za huko Arusha, mtoto kapona kikohozi? Huku Moshi tunashukuru Mungu, mvua imetupa nafasi na leo asubuhi mlima Kilimanjaro ulifunguka wote, kilele cha Kibo mpaka cha Mawenzi, nikasimama mlangoni na kikombe cha chai nikakukumbuka manake jana usiku nilikaa na websaiti yako ya safari za kupanda mlima mpaka bando likakata.

Uliniuliza kwa nini watu wanaingia mara moja alafu hawarudi. Nakujibu vile ninavyoona, tumetoka mbali we na mi, utanielewa.

Kwanza ile picha kubwa ya juu. Umeandika ni mlima unavyoonekana kutoka Machame, na mbele kuna tembo. Shosti, ile ni Amboseli, Kenya. Na hata tembo wasingekuwepo, angalia Mawenzi ilipo, kwenye picha yako iko kushoto. Sisi wa upande huu wa kusini Mawenzi tunaiona kulia na Kibo kushoto, ukiona imegeuka ujue mpiga picha alikuwa kaskazini. Mgeni anayesoma akiwa Ujerumani pengine halijui hilo, lakini ataendelea kutafuta tafuta, kesho anaikuta picha ileile mahali pengine imeandikwa Amboseli, basi, kuanzia hapo hata umwambie chai ya kambini ni ya moto hatakuamini. Ukija Moshi tutapiga ya kwetu, hata kwa simu, hata ikiwa na waya za umeme inatosha.

Alafu yale maneno ya mwanzo, "sisi ni bora", "huduma ya kipekee", yatoe tu. Kila mtu kaandika hivohivo. Kuna mtafiti anaitwa Jakob Nielsen, 1997 alikuta asilimia 79 ya watu aliowajaribu wanapitisha tu macho kwenye ukurasa mpya, hawasomi neno kwa neno, sasa wewe unampa mtu wa namna hiyo mistari sita ya kujisifu kabla hajaona safari ni siku ngapi na bei gani. Bei weka. Ukimwambia "wasiliana nasi kwa bei" anahisi unataka kwanza umpime mfuko.

Sasa hapa ndo pananiuma kweli. Safari yako ya njia ya Marangu ya siku 5 umeiandika kama matembezi ya jioni, "rahisi kwa kila mtu". Hesabu na mimi kambi za kulala: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Yaani kila usiku mtu analala mita elfu moja juu ya alipolala jana, alafu usiku wa tatu anaamshwa apande mpaka kileleni, 5,895. Wataalamu wa tiba za milimani wanashauri ukishapita mita 3,000 usipandishe sehemu ya kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Hiyo yako ni mara mbili. Siku 5 wapo wanaofika, sikatai, lakini andika wazi kwamba ukiongeza siku moja ukakaa Horombo, ukatembea mpaka kwenye yale mawe yenye mistari kama pundamilia ukarudi kulala, mwili unapata muda wa kuzoea. Najua unaogopa mteja ataenda kwa mwenye siku 5 za bei nafuu. Wengine wataenda kweli. Ila unamkumbuka yule mama wa ndizi pale Mbuyuni niliyekupeleka, aliyetuambia mchare wake wa siku ile umeshaanza kulainika haufai kwa mtori, tuchukue kwa jirani yake? Mimi mpaka leo sinunui ndizi kwa mtu mwingine.

Nikwambie kitu sijawahi kukwambia. Kule ofisini nilikokuwa naandika kurasa za wageni, niliwahi kuandika Mandara ni mita 2,270. Nilibadilisha namba mbili tu, 7 na 2. Mgeni mmoja mwanamama akatuma imeili, kapiga hesabu, anauliza mbona siku ya pili inapanda mita 1,450 wakati siku nyingine ni elfu, kuna kitu gani hapo njiani? Alikuwa anajiandaa kwa namba yangu, shosti, anapanga mazoezi yake kwa namba yangu! Mkubwa wangu akasema badilisha kimyakimya, nani kaona. Mi nikabadilisha, na chini yake nikaandika kwamba namba ya mwanzo ilikuwa na makosa, tumerekebisha, na tarehe. Nikamjibu yule mama hivohivo. Tukagombana ofisini siku nzima. Yule mama mwaka ule hakuja, lakini maswali aliendelea kutuletea, kuhusu viatu, kuhusu mzigo wa wagumu, yaani wabeba mizigo, kilo 20 zinahesabiwaje, na alipokuja alikuja na kaka zake wawili, kachapisha ule ukurasa kwenye karatasi, na pale kwenye namba ya Mandara kaweka alama ya kalamu.

Kwa hiyo namba zako zikague zote. Ukurasa mmoja umeandika mlima ni 5,895 na mwingine 5,892, msomaji hajui ashike ipi. Zote zina asili yake, 5,895 ni vipimo vya Waingereza vya 1952 na ndo iliyoko kwenye kibao cha kilele cha Uhuru, 5,892 ilitoka kwenye vipimo vya GPS vya 1999. Chagua moja, na ile nyingine ieleze kwa sentensi moja. Na "hali ya hewa nzuri mwaka mzima" futa, Machi mpaka Mei ni masika, Aprili watu wanaloa mpaka soksi za akiba.

La kuwarudisha watu unalo nyumbani. Kaka yako si anapandisha wageni kila wiki? Akishuka mpigie kabla hajalala, muulize njia ilikuwaje, tope lilianzia wapi, theluji waliikuta wapi, usiku wa kilele upepo ulikuwaje, andika mistari mitatu na tarehe juu. Mtu mwenye safari yake Julai atarudi kila wiki kuangalia, manake hiyo hawezi kuipata kwingine.

Jumamosi napanda Kosta ya saa moja asubuhi, tukutane pale Mnara wa Saa. Njoo na laptopu na chaja yake, tuanze na Marangu. Mchare nabeba mimi.

Mwenzako wa Moshi