Barua ya wazi kwa Kamishna wa besiboli: dola 99 na pipa la taka

Mheshimiwa Rob Manfred,
Kamishna wa Ligi Kuu ya Besiboli, New York.

Salaam. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayobishania mchezo huu kila siku. Naishi Houston, nafanya kazi kwenye ghala la mizigo, na timu yangu ni Astros. Mwaka 2017, mwaka ule wa mafuriko ya kimbunga Harvey, watu walikuwa bado wanatoa mazulia yaliyolowa nje wakati Astros walipochukua ubingwa kwa mara ya kwanza katika historia yao. Nililia usiku ule, na sioni haya kusema. Kwa hiyo anayekuandikia si adui wa timu hiyo, ingawa barua hii inahusu udanganyifu wake wa msimu ule na adhabu uliyoutolea.

Novemba 2019, mrushaji Mike Fiers, aliyekuwa kwenye kikosi kile, akafichua siri. Kamera ya uwanja wa kati ilikuwa inachukua vidole vya mdakaji wa wapinzani, anavyotumia kumwonyesha mrushaji wake aina ya mpira wa kurusha, picha inaingia kwenye skrini iliyowekwa nyuma ya benchi la Astros, mtu anasoma ishara kisha anagonga pipa la taka. Likigongwa, mpigaji anajua unakuja mpira wa kupinda au wa polepole. Kukiwa kimya, ajiandae kwa mpira wa kasi. Ghalani kwetu tuna mapipa ya plastiki kama lile. Siku habari ilipotoka, mwenzangu mmoja, mtu wa Venezuela, alichukua mpini wa ufagio akaligonga moja mara mbili, akanitazama bila kusema neno. Ni sauti nzito, ya kitu kitupu. Tangu siku hiyo kila nikirudia video za msimu ule naisikia.

Ulichunguza, na Januari 13, 2020 ukatoa adhabu. Meneja mkuu Jeff Luhnow na kocha A.J. Hinch walifungiwa mwaka mmoja bila mshahara. Klabu ilitozwa faini ya dola milioni 5 na kupoteza nafasi zake za raundi mbili za kwanza za kuchagua vijana wapya, kwa miaka miwili. Wachezaji, wale wenyewe walioshika magongo huku wakisikiliza pipa, uliwapa kinga ili waseme ukweli, na hakuna aliyekosa hata mechi moja. Ubingwa ukabaki Houston.

Sasa twende Juni 2024. Tucupita Marcano, mchezaji wa miaka 24, naye wa Venezuela, alibeti besiboli mara 387 kwa zaidi ya dola 150,000, zikiwemo mechi za Pittsburgh, timu yake ya wakati huo, wakati yeye mwenyewe yumo kwenye orodha ya majeruhi wa Pittsburgh. Mikeka yake karibu yote ilichanika. Ukamfungia maisha. Mwenzangu wa ghalani alisononeka wiki nzima, lakini hata yeye hakuitetea kesi hiyo. Sheria ya 21 imebandikwa kwenye kila chumba cha wachezaji na haina kona: ukibeti mechi isiyokuhusu, mwaka mmoja, ukibeti mechi unayohusika nayo, maisha. Nami siibishii.

Kilichonifanya nishike kalamu ni Michael Kelly, uliyemwadhibu siku hiyo hiyo. Oktoba 2021, akiwa mrushaji wa ligi ndogo, aliweka mikeka 10 kwenye mechi za ligi kuu ambazo hakuwa na namna yoyote ya kuzigusa. Jumla ya fedha ilikuwa dola 99 na senti 22. Akafungiwa mwaka mzima. Na wakati anabeti alikuwa mchezaji wa Astros. Klabu ile ile, Mheshimiwa.

Jibu lenu nalifahamu: anayeiba ishara bado anataka kushinda, lakini aliyeuza mechi anataka kushindwa, na mechi iliyouzwa si mechi tena. Ni kweli, na walichofanya White Sox wa Chicago mwaka 1919, wachezaji walipouza fainali kwa wacheza kamari, kinatosha kuthibitisha. Lakini kumbuka jinsi kesi ile ilivyoisha. Agosti 1921 baraza la mahakama liliwaachia huru wachezaji wote waliosimama kizimbani, na kesho yake Kamishna Landis akawafungia maisha, hata Buck Weaver, ambaye kosa lake lilikuwa kujua na kunyamaza. Mwaka 1921 kujua na kunyamaza kulimmaliza mtu. Mwaka 2020 aliyejua, akanyamaza, na akapiga mpira kwa kufuata mlio wa pipa, alirudi kazini na mshahara wake.

Na yuko mtu aliyeilipia kinga ile. Agosti 4, 2017, Toronto walimwingiza mrushaji Mike Bolsinger katika mechi ya Houston, mojawapo ya siku ambazo pipa liligongwa sana. Alirusha mipira 29, akatoa mpigaji mmoja tu, wakamfunga pointi 4. Hakurusha tena ligi kuu. Alikwenda kutafuta riziki Japani. Mrushaji wa ngazi yake huishi kwa nafasi moja moja, akiharibu leo anatolewa kesho. Sisemi kwamba bila pipa angekuwa nyota. Nasema alistahili kuharibu mwenyewe.

Najua mikono yako ilikuwa imebanwa. Waraka wako wa Septemba 2017, kuhusu kuiba ishara kwa vifaa vya kielektroniki, uliwabebesha mzigo mameneja na makocha, Luhnow hakuufikisha kwa wachezaji, na chama cha wachezaji kingekuwa na hoja ya kupinga adhabu. Najua pia kwamba baada ya kashfa mlikubaliana mchezaji anaweza kusimamishwa bila mshahara, na kwamba tangu 2022 wadakaji hutuma ishara kwa kifaa cha kielektroniki. Yote nayashukuru. Lakini "anaweza" ni neno la mtu ambaye bado anafikiria. Sheria ya 21 haisemi "anaweza".

Kwenye dawa za kuongeza nguvu mmeshaweka kipimo: mechi 80 mara ya kwanza, 162 mara ya pili, maisha mara ya tatu. Naomba kipimo hicho hicho kwa mchezaji yeyote anayetumia kifaa kuiba ishara, au anayepiga mpira akijua ishara imeibwa hivyo, na kinga isitolewe kwa kikosi kizima kwa mkupuo. Atakayekuja mwenyewe kusema, kama Fiers, apunguziwe.

Februari kambi za Florida na Arizona zikifunguliwa, karatasi ya Sheria ya 21 itabandikwa ukutani kama kila mwaka. Naomba karatasi ya pili kando yake, kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Wako,
Shabiki wa Astros, Houston, Texas