Swali la nne

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Huku wazima, joto tu ndilo linatusumbua. Ujumbe wako niliusoma kwenye daladala nikacheka peke yangu, eti umegawanya dakika kwa maswali ukapata sekunde 104 kila moja, na sasa unafanya mazoezi ya GRE, ule mtihani wa kuombea shahada za juu, na kengele ya simu. Hesabu yako sina ugomvi nayo. Upande wa hesabu, sehemu ya kwanza ni maswali 12 kwa dakika 21. Ya pili ni 15 kwa dakika 26. Hata mimi nilikwenda na sekunde hizohizo kichwani, na bado swali la nne likanimaliza.

Lilikuwa la jometri. Lenyewe sikuambii, tulikubali masharti ya kutotoa maswali nje. Ila nilikuwa naliona kabisa linakaribia kukubali. Nimeshajaza nusu karatasi, nikiliacha naona kama natelekeza shamba mahindi yameshabeba. Nikakomaa nalo. Kuja kutazama saa, dakika sita zimekwenda, na jibu nililopata halimo hata kwenye machaguo. Maswali manne ya mwisho nilipiga ana-ana-ana-doo, na moja kati ya hayo nililisoma baadaye kichwani nikiwa njiani kurudi: lilikuwa la darasa la saba.

Nimejiuliza sana kwa nini sikuliacha. Ni Advance, shoga, kidato cha tano na sita. Kwenye pepa la muda wa saa tatu la NECTA, baraza letu la mitihani, ukikwama katikati bado unaokota maksi za njia, ndiyo maana walimu walituimbia kila siku, andika hata fomula. Tumelelewa kutoacha swali. Kwenye GRE karatasi ya kukokotolea wanaikusanya na hakuna anayeisoma. Swali la sekunde ishirini na lile langu la dakika sita yana uzito uleule, na ukikosea hawakukati kitu.

Halafu kuna yale ya kulinganisha viwango viwili, useme kipi kikubwa au ni sawa. Mfano huu nautunga mwenyewe: upande A ni asilimia 36 ya 25, upande B ni asilimia 25 ya 36. Mimi wa zamani ningefungua kikokotoo cha kwenye skrini nianze kubofya tarakimu moja moja kwa kipanya. Kumbe pande zote ni 36 mara 25 gawa kwa mia! Hapo umeokota dakika nzima, na utaihitaji kwenye yale ya grafu. Grafu isome vizuri mara moja, kwa sababu mara nyingi maswali kadhaa yanafuatana juu ya grafu hiyohiyo.

Mara ya pili (wanataka zipite siku 21, mimi woga ulinikalisha miezi miwili) sekunde nilizitupa. Niliweka vituo. Saa yao inahesabu kurudi nyuma, kwa hiyo kwenye maswali 12, nikimaliza la nne nataka isome dakika 14, la nane isome 7. Kwenye yale 15, la tano 17, la kumi 9. Kati ya kituo na kituo saa naificha, kuna kitufe chake. Swali nikilisoma mara mbili na mkono haujaanza kuandika, nabofya jibu lolote, naliwekea alama, naondoka. Bofya kwanza, usiliache wazi ukijidanganya utarudi. Kurudi unaruhusiwa, lakini ndani ya sehemu hiyohiyo tu.

Na sehemu ya pili ikikuchachia ghafla, usitishike. Ugumu wake unapangwa na ulivyofanya ya kwanza.

Upande wa lugha ni maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa 23. Ya kujaza nafasi ama neno unalijua ama hulijui, kulikodolea macho hakusaidii. Nilijizoeza kuyamaliza chini ya dakika moja ili ufahamu upate nafasi ya kupumua. Insha inatangulia, dakika 30, na wewe kuandika hujawahi kukosa la kusema.

Chai usinywe asubuhi hiyo. Mtihani wote ni saa moja na dakika 58 bila mapumziko, ukitoka kwenda chooni saa haikusubiri.

Yale majaribio mawili ya bure ya ETS, wenye mtihani, usiyaguse sasa. Moja lifanye wiki mbili kabla, lingine siku chache kabla, yote kwa mkupuo mmoja, simu iwe chumba kingine. Kitabu changu cha mazoezi nimempa mdogo wako, anapanda basi la Morogoro Alhamisi. Nimejibu kwa penseli mpaka ukurasa wa mia na kitu, kwa hiyo nimekuwekea na ufutio ndani ya bahasha.

Wako,
shoga yako wa Mbezi