Watoro watatu walimtangulia Jenerali Butler

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara mbili makala mliyochapa wiki iliyopita kuhusu maisha ya Jenerali Benjamin Franklin Butler wa Marekani. Nilifundisha historia shule za sekondari kwa miaka 26 kabla ya kustaafu, na ni nadra kuona gazeti la Kiswahili likimtengea ukurasa mzima mtu kama huyu, aliyekuwa wakili, jenerali, mbunge na gavana. Kwa hilo nashukuru. Lakini ipo sentensi moja iliyoninyima raha, ile isemayo kwamba Mei 1861, mwanzoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini ya Marekani, Butler "aliwakomboa watumwa watatu" katika ngome ya Monroe, Virginia, iliyokuwa mikononi mwa Kaskazini. Hakuwakomboa. Walijikomboa wenyewe, usiku, kwa kupiga makasia, na yeye akawakuta wamekwisha kufika.

Watu hao wana majina, na makala haikuyataja: Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend. Aliyewamiliki ni Kanali Charles Mallory, ofisa katika jeshi la Virginia, jimbo lililokuwa likijitenga na Marekani. Walipelekwa Sewell's Point kujenga boma la mizinga lililoielekea ngome ya Monroe, ng'ambo ya maji. Huko wakapata habari kwamba wangehamishiwa North Carolina kwa ujenzi mwingine wa kijeshi, mbali na jamaa zao. Usiku wa Mei 23, siku ileile wapiga kura wa Virginia walipoidhinisha kujitenga, wakachukua mashua wakavuka mlango wa bahari wa Hampton Roads. Hebu tukae kidogo na jambo hilo. Sheria ya watumwa watoro ya 1850 ilikuwa bado ni sheria ya Marekani. Rais Lincoln, alipoapishwa Machi, alikuwa ametamka wazi kwamba hakusudii kuugusa utumwa katika majimbo ulikokuwapo. Hakuna aliyewaahidi watu hawa kwamba askari wa Kaskazini wangewapokea. Wangeweza kufungwa kamba na kurudishwa kabla jua halijapanda.

Tena wangeweza kurudishwa na Butler huyuhuyu. Mwezi mmoja tu nyuma, alipoingia Annapolis na askari wake wa Massachusetts, alimwandikia gavana wa Maryland kwamba yu tayari kutumia jeshi lake kuzima uasi wowote wa watumwa. Na mwaka wa 1860, katika mkutano wa chama cha Democratic mjini Charleston, alimpigia kura Jefferson Davis mara 57 ili awe mgombea urais, Davis yule aliyekuja kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga. Makala yenu imeyaruka haya, ndiyo maana msomaji anabaki na sura ya mkombozi aliyeingia ngomeni na nia yake tayari kifuani. Butler alifika Monroe Mei 22. Siku ya pili yake usiku, mashua ikafika.

Sasa nimpe haki yake. Alichokifanya baada ya hapo kilikuwa kazi ya wakili hasa. Aliwahoji watatu wale, akaelewa kwamba walikuwa wakimjengea adui boma, na yeye mwenyewe alihitaji mikono ya kujenga. Kisha akaja Meja John Cary chini ya bendera nyeupe, kwa niaba ya Kanali Mallory, kudai watu warudishwe kama Katiba na sheria ya watoro zilivyotaka. Butler akamjibu kwamba sheria ya watoro haiihusu nchi ya kigeni, na Virginia yenyewe ndiyo inayodai kuwa nchi ya kigeni; basi yeye anaipokea kauli yake. Na kwa kuwa watu hao walikuwa wakitumiwa kama mali katika vita dhidi ya Marekani, atawashika kama ambavyo angeshika mali nyingine ya adui ya kupigania. Ila kanali akija mwenyewe ngomeni na kula kiapo cha utii kwa Marekani, atapewa watu wake.

Darasani hoja hii ilikuwa ikiwachangamsha sana wanafunzi wangu, kwa sababu mdai anapigwa kwa fimbo aliyoishika mwenyewe: anadai haki chini ya Katiba ambayo amekwisha kuikana. Lakini nilikuwa nikiwarudisha kwenye ile sehemu ya mwisho. Uhuru wa watu watatu ulikuwa unaning'inia kwenye kiapo cha bwana wao. Kanali angekula kiapo siku ile, Frank, Shepard na James wangerudi utumwani kwa mkono wa wakili hodari.

Hapo ndipo penye lalamiko langu la pili, nalo ni la lugha. Neno la sheria ambalo watu hao walikuja kuitwa kwalo, kontrabandi, ninyi mmelifasiri "bidhaa za magendo". Magendo kwetu ni sukari inayovushwa mpakani usiku bila ushuru. Katika sheria ya vita neno hilo lilikuwa na maana ya mali inayomfaa adui katika kupigana, ambayo upande wa pili una haki ya kuiteka. Msomaji wa "magendo" atadhani watu hawa waliingizwa kwa siri na walanguzi. Hataona uchungu wenyewe: kwamba ili wasirudishwe, ilibidi waendelee kuitwa mali. Jina hilo liliwaganda maelfu kwa maelfu hadi mwisho wa vita, hata wale waliokuwa wakilipwa ujira.

Habari ilienea upesi. Jumapili, Mei 26, walifika wengine wanane. Jumatatu wakaja 47, wakiwamo wanawake waliobeba watoto wachanga. Hoja ya boma na mizinga ilikuwa imemtosha Butler kwa wanaume watatu. Kwa kichanga je? Julai 30 alimwandikia waziri wa vita, Simon Cameron, kwamba ana watu 900 mikononi mwake, akawachambua: wanaume 300 wenye nguvu, 30 waliopita umri wa kazi ngumu, wanawake 175, watoto 225 wa chini ya miaka kumi, na 170 wa kati ya kumi na kumi na minane. Kisha akauliza: je, hawa ni watumwa? Ni watu huru? Hali yao ni ipi? Kwangu mimi barua hiyo inapita vita vyote alivyopigana, maana vitani hakuwa hodari. 1864 alijifungia na jeshi lake Bermuda Hundred, huko Virginia, na baada ya kushindwa kuiteka ngome ya Fort Fisher, Jenerali Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, alimwondoa kazini. Siku saba baada ya barua, Agosti 6, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kwanza ya kuwanyang'anya waasi watumwa waliotumiwa vitani. Mashua ilikuwa imefika hadi Washington.

Kuhusu New Orleans, mji wa Kusini aliousimamia mwaka 1862, mmeandika mengi, nami sitayarudia. Amri yake ya Mei 1862, kwamba mwanamke atakayewatukana askari wake atahesabiwa kama kahaba aliye kazini, ilikuwa ya aibu, na sikubaliani na mnavyoitetea. Lakini palepale kuna jambo ambalo mmelipa mstari mmoja tu. Chini yake alikuwapo jenerali aitwaye John Phelps aliyetaka watoro wapewe bunduki. Butler akaamuru wapewe mashoka wakate miti. Phelps akajiuzulu. Wiki chache baadaye, Septemba 1862, Butler mwenyewe alikuwa akisajili kikosi cha askari weusi. Miaka miwili mbele, Septemba 29, 1864, askari weusi wa jeshi lake walivamia New Market Heights karibu na Richmond, na 14 kati yao walipata nishani ya juu kabisa ya ushujaa. Alipokuwa mbunge aliukumbuka uwanja ule mbele ya wenzake mwaka 1874, akitetea mswada wa haki za raia. Namwamini alivyosema kwamba maiti wa askari wale walimbadilisha. Ila hata hapo, waliombadilisha ni watu waliotangulia mbele yake.

Na kuna uzi unaotuunganisha sisi wa pwani na habari hii. Butler alikulia Lowell, Massachusetts, ambako mama yake mjane alipangisha vyumba kwa wasichana wa viwanda vya nguo. Pamba iliyosokotwa Massachusetts ililimwa na watumwa wa Kusini. Na nguo iliyotoka huko, ikipakiwa na wafanyabiashara wa Salem, ilishushwa Unguja na kubadilishwa kwa pembe za ndovu na sandarusi. Ndiyo merikani yetu. Bibi yangu alishona mito kwa kitambaa cha jina hilo bila kujua lilikotoka. Vita vilipokatiza pamba mwaka 1861, merikani iliadimika pwani yote, na nguo za Waingereza na Wahindi zikachukua nafasi yake. Wakati Frank Baker na wenzake wanapiga makasia, nguo iliyotokana na jasho la watu kama wao ilikuwa mwilini mwa babu zetu.

Sisi pia tulikuwa na watoro wetu. Rabai, hapa karibu na Mombasa, Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia misheni walipewa hati za uhuru baada ya kampuni ya Waingereza kuwalipa mabwana zao fidia. Kanali Mallory hakulipwa hata senti. Tofauti hiyo ningependa mmoja wa waandishi wenu aifuatilie, kwa sababu Rabai kuna wazee ambao bado wanahadithia walikotoka.

Ninachoomba ni marekebisho mafupi katika toleo lijalo, mahali ambapo msomaji wa makala ile atayaona. Sentensi iseme kwamba Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend walivuka Hampton Roads kwa mashua usiku wa Mei 23, 1861, na kwamba Jenerali Butler alikataa kuwarudisha.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mombasa