Basi la shule lisipite Gede bila kusimama

Mhariri,

Msimu wa ziara za shule ukifika, watoto wa Malindi hupakiwa mabasini alfajiri kupelekwa Mombasa kutazama Fort Jesus na wanyama wa Bamburi. Sina neno na Mombasa. Ila barabara yenyewe inapita Gede, penye magofu ya mji wa kale, kilomita kama 16 tu kutoka mjini, kisha inaambaa na msitu wa Arabuko-Sokoke, na wakati huo watoto wamelala.

Magofu ya Gede yaliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024. Wenyeji wengi bado tunayajua kwa habari za majini tulizotishwa nazo utotoni. Mji ule ulikuwa na watu, tena wenye uwezo: nyumba za mawe zenye vyoo ndani, msikiti mkuu, na kaburi lililochorwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyeanza kupachimba mwaka 1948, alizipa nyumba majina kwa vitu vilivyookotwa humo, ndipo ikawapo Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Taa ya Chuma. Mtoto akiisikia hiyo ya mkasi atauliza tu ulikuwa wa nani, na hapo somo la historia limeshaanza. Vyombo vya kauri vya China navyo vilifukuliwa pale. Malindi yetu hii ilimpelekea mfalme wa China twiga, akafika huko mwaka 1415. Watoto wangapi wa hapa wanalijua hilo?

Ninalotaka walimu walione ni kwamba Gede, msitu na bahari ni ziara moja. Kuta zile ni mawe ya matumbawe ya kale, chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa, na dari zililazwa juu ya boriti za mikoko. Matumbawe yaliyo hai yamo katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968. Mikoko ipo kwenye hori ya Mida, jirani kabisa. Asubuhi mtoto anaishika nyumba, alasiri anaona ilikotoka.

Na wanyama wamo humo humo magofuni. Kuna sange mwenye matako ya manjano (ndivyo alivyo, mhariri, sina namna nyingine ya kumweleza), mnyama mdogo mwenye pua ndefu ya kupekulia majani makavu, ambaye hapatikani popote duniani ila pwani yetu hii, na wengi wao wamo Arabuko-Sokoke. Ukinyamaza utamsikia kabla hujamwona. Kima hawahitaji kutafutwa. Wageni wamewazoesha ndizi hata sasa wanapora mikoba, na mzazi anayempa mwanawe ndizi ili apige picha na kima anaharibu pale pale alipokuja kufurahia.

Walimu wasikose pia mradi wa Kipepeo, hapo hapo magofuni. Tangu mwaka 1993 wakulima wanaopakana na msitu hufuga vipepeo, na pupa zao (viwavi vilivyojifungia gandani kabla ya kuwa vipepeo) huuzwa ng'ambo. Walikuwapo majirani waliotamani msitu ule ufyekwe wapate mashamba. Leo wapo wanaolipia karo kwa viwavi. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaielewa kuliko hotuba yoyote ya mazingira.

Wakuu wa shule watasema pesa hakuna. Mafuta ya basi hadi Gede hayafiki robo ya safari ya Mombasa, na mwananchi hutozwa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje. Kwa Mida, waulize wavuvi kwanza habari za maji. Yakipwa, ndege hushuka matopeni kula na watoto watawaona vizuri. Yakijaa, wataona maji tu na vichwa vya mikoko.

Mzazi,
Shella, Malindi